Bamba la shaba la kupozea kontrola ya mota: miezi 14 kwenye mashua yangu

Mashua yangu hubeba abiria kati ya gati la Lamu, Shela na Manda, mara nyingine Mokowe. Nilipotoa injini ya petroli nikafunga mota ya umeme ya volti 48, nilijua betri ndizo zitanitoa jasho. Kumbe ni kontrola, lile sanduku linalodhibiti umeme wa betri kabla haujafika kwenye mota. Adhuhuri ya kaskazi, abiria kumi ndani na maji yanapwa kwa nguvu, inafika nyuzi 85, inajipunguzia nguvu yenyewe, nami nimeganda katikati ya mkondo huku mama mmoja akiniuliza kama nimesahau kutia mafuta.

Feni sikuitaka. Feni huvuta hewa, na hewa yetu ni chumvi tupu, kwa hiyo sanduku lazima lizibwe kabisa na joto litolewe kwa maji. Hapo ndipo bamba la kupozea linapoingia: kipande bapa cha metali chenye njia za maji ndani, unakibana mgongoni mwa kontrola, pampu inazungusha maji.

Bamba langu la kwanza lilikuwa la alumini, na kosa lilikuwa langu, si la aliyeniuzia. Nilivuta maji ya bahari moja kwa moja, nikajiona mjanja. Alumini hujilinda kwa ngozi nyembamba sana, na chumvi huipasua ngozi hiyo kisha ikachimba pale pale ilipopasua. Kwa nje bamba liling'aa kama jipya. Lilipofikisha mwezi wake wa tano lilitoboka, maji yakamwagikia kontrola, ikafa. Kontrola ile bei yake ingenunua mabamba sita.

La pili niliagiza China kwa mtandao, shilingi 14,500 mpaka Mombasa, kisha likapanda basi hadi Mokowe. Ni shaba tupu, njia zake zimechongwa kwa mashine upana wa milimita 3, na kifuniko kimelehemiwa ukingo mzima badala ya kubanwa kwa skrubu na mpira. Muuzaji alikuwa na jingine lenye njia nyembamba kama unywele, linalopoza zaidi kwa maelezo yake. Sikulitaka. Takataka moja ndogo ikiingia, njia zile zimeziba. Tena piga hesabu: kontrola yangu hupoteza kama wati 300 kwa joto. Maji lita 2 kwa dakika yakibeba wati 300 hupanda nyuzi 2 tu. Kwangu shida haikuwa maji kushindwa kubeba joto. Shida ilikuwa joto kuvuka kutoka kontrola kuingia kwenye bamba.

Kwa hiyo nililopima kwanza ni unyoofu. Niliweka rula ya chuma juu ya bamba, tochi nyuma yake, nikatafuta mwanga unaopenya. Haukupenya popote. Pesti ya joto nilipaka nyembamba, maana kazi yake ni kujaza vinyweleo tu, nikakaza bolti kwa kupishana pembe kwa pembe. Kabla ya hapo nililijaza upepo kwa pampu ya baiskeli na kulizamisha kwenye ndoo usiku kucha. Hakuna povu hata moja.

Safari hii maji hayatoki baharini. Yanazunguka humo humo: bamba, pampu, na bomba la shaba iliyochanganywa na nikeli lililolala chini ya mashua, bahari ikilipoza kwa nje. Ndani nimetia maji yaliyokenekwa pamoja na kulanti ya gari yenye dawa ya kuzuia kutu. Maji ya visima vya Shela tunayasifu kwa utamu wake, lakini yana madini. Yaacheni kwenye chai.

Sasa lawama. Bamba lilikuja na elbo mbili, yaani viungo vya bomba vilivyopinda, za rangi ya dhahabu, nikaamini ni brasi, shaba iliyochanganywa na zinki. Fundi wangu, mzee wa Matondoni, aliikuna moja kwa kisu akanitazama. "Mwanangu, hii si shaba. Hii italiwa." Nilikuwa na haraka ya abiria wa ndege Manda, nikazifunga hivyo hivyo. Miezi minne baadaye kulanti ikawa ya kijivu, na kwenye elbo kulikuwa na unga mweupe kama chokaa. Zilikuwa alumini iliyopakwa rangi, na alumini ikikaa na shaba kwenye maji mamoja, alumini ndiyo huliwa. Muuzaji nilipomwandikia alinijibu kwa picha ya kidole gumba. Elbo za brasi nimenunua dukani hapa mjini, nikasafisha mfumo mzima, na mzee hajanisema hata neno, jambo lililoniuma zaidi.

Kijana mmoja wa gatini alinishauri nitie barafu ya wavuvi kwenye mzunguko. Msifanye. Bamba likiwa baridi kuliko hewa hii yenye unyevu, litatoka jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo litadondokea kwenye umeme.

Muuzaji nampa nyota nne. Ya tano imekwenda na zile elbo. Jana saa saba mchana, mashua imejaa, maji yanapwa, kontrola ilisoma nyuzi 52. La mashua ya ndugu yangu nimeshaliagiza kwa muuzaji yule yule, nikamwandikia: bamba tu, fitingi baki nazo.