Katalogi ya makundi ya galaksi ya eROSITA: ya kuhesabia, si ya kutazamia

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeibana makusudi, sababu iko chini.

Katalogi hii ilitoka mapema 2024, bure, kutoka kwa wanasayansi wa Ujerumani wanaosimamia eROSITA, darubini ya eksirei iliyorushwa kutoka Baikonur Julai 2019. Mna makundi 12,247, yote yamepatikana katika duru ya kwanza tu ya kukagua anga, iliyochukua kama miezi sita. Mwaka 2009 mwanaastronomia Vikhlinin na wenzake walipima nishati giza, ile nguvu isiyojulikana inayosukuma ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi, kwa makundi 86, na kwa wakati ule yalikuwa mavuno ya kutosha.

Wingi huo ndio shughuli yenyewe. Kundi hukua kwa kuvuta maada ya jirani, na nishati giza inavyoharakisha kutanuka kwa ulimwengu, uvutaji huo huzorota. Basi unahesabu makundi mazito ya enzi mbalimbali, unaona ukuaji ulivyopungua. Eksirei zinafaa kwa sababu gesi iliyojaa kati ya galaksi hizo ina joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi na hung'aa yenyewe. Galaksi zilizopangana mstari mmoja kwa bahati tu hazina gesi hiyo, kwa hiyo si rahisi zikuzuge.

Ila usije kwa ajili ya picha. Fungua kundi la mbali uone: doti chache za fotoni (chembe za mwanga) zimetapakaa, na ukungu usio na kingo. Ukitaka kuona mapovu ndani ya gesi ya kundi la Perseus, rudi kwa Chandra, darubini nyingine ya eksirei, ambayo tangu 1999 hakuna aliyeifikia kwa ukali wa macho.

Nilichokipenda zaidi ni safu inayotaja, kwa kila kitu kilichoorodheshwa, uwezekano kwamba si kundi kabisa. Katalogi ngapi hukiri hivyo waziwazi?

Nyota niliyoibana ni ya nusu ya anga. Data ziligawanywa kati ya Ujerumani na Urusi, na hapa unapata upande wa Wajerumani peke yake. Darubini yenyewe nayo imelazwa tangu Februari 2022.

Jingine, ambalo si kasoro ila watu hulipuuza: mwanga wa eksirei pekee haukupi uzito wa kundi. Timu yenyewe ilipima uzito kwa jinsi makundi yanavyopinda mwanga wa galaksi za nyuma, kwa data za DES, KiDS na HSC, miradi mitatu ya kupiga picha anga kwa mwanga wa kawaida. Hapo ndipo ilipopata w, namba inayoeleza tabia ya nishati giza, ya -1.12, kosa 0.12, kwa hiyo -1, yaani nishati giza isiyobadilika kama kigezo cha Einstein, bado imo ndani.

Ukipakua kwa ajili ya nishati giza, chukua jedwali dogo la makundi 5,259. Lile kubwa lina uchafu zaidi, na uchafu ukiingia kwenye hesabu utadhani ni fizikia mpya.