Saundibaa Yetu na Nyimbo za Tamthilia: Tathmini Baada ya Miezi Mitatu

Nilipoinunua saundibaa hii, yaani kipaza sauti kirefu cha kuunganishwa na runinga, katika duka moja la vifaa vya umeme Barabara ya Digo, muuzaji aliijaribu kwa wimbo wenye besi nzito hadi vioo vya kabati vikatetema. "Sikiza ngoma hiyo, ndugu yangu," akaniambia. Mimi haja yangu haikuwa ngoma. Nyumbani kwetu Kisauni tamthilia ya jioni haikosi kutazamwa, na runinga yetu, kama nyingi za siku hizi zilizo nyembamba, ina vipaza sauti vidogo vinavyoelekea chini, hivyo sehemu kubwa ya muziki ilikuwa ikipotelea mezani. Kwa hiyo nimeipima kwa nyimbo za tamthilia.

Kazi ya kwanza ya wimbo wa ufunguzi ni kuita watu. Saa hiyo mamangu huwa jikoni akisukuma chapati, feni ikivuma, na zamani ilibidi tumpigie ukelele kwamba mambo yameanza. Sasa wimbo humfikia kule kule, naye huja na unga mikononi. Netflix ilianzisha kitufe cha kuruka utangulizi mwaka 2017, na sikatai kwamba kinamfaa anayetazama peke yake kwenye simu, lakini nyumba yenye watu wanane inauhitaji ule muda wa kukusanyika.

Tofauti kubwa zaidi niliiona katika onyesho moja la harusi. Bibi harusi alikuwa amejibu kwamba ameridhika, wageni wakapiga vigelegele, kisha vigelegele vikafifia ukabaki udi peke yake, ukipigwa polepole chini ya uso wake usiosema neno. Onyesho hilo tuliwahi kuliona kabla ya kununua saundibaa, na wakati ule dada yangu aliuliza mamangu analilia nini, kwa sababu alichosikia ni mvumo tu. Liliporudiwa, tulisikia hata ule mkwaruzo mdogo wa kijiti kikigusa nyuzi, na hakuna aliyeuliza. Kinywa kilikuwa kimekubali, muziki ukakataa, na asiyeusikia muziki ameitazama harusi nyingine kabisa.

Taishokoto, kwa upande wake, haikutendewa haki. Ala hii ya vibonye, yenye asili ya Japani, ilitufikia kwa njia ya Bara Hindi ikawa miongoni mwa sauti zinazoitambulisha tarabu ya Mombasa. Lakini humu, kwa mpangilio wa kiwandani, hutoka kali kama msumari juu ya bati. Nimepunguza sauti za juu kwa ngazi mbili na besi kwa ngazi tatu, ndipo masikio yakapumzika. Mpangilio wa mazungumzo ni mzuri, sina la kuongeza. Ule wa usiku siupendekezi, kwa kuwa hupunguza tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Wimbo uliotungwa ili sauti yake ipande kidogo kidogo hadi mlango ufunguliwe hubaki tambarare tangu mwanzo hadi mwisho, na mlango ukifunguliwa hushtuki.

Anayefikiria kuiunganisha kwa Bluetooth ajue kwamba sauti yetu ilichelewa kidogo. Katika maongezi ya kawaida mtu huweza kuvumilia, ila mhusika anapoimba, midomo hufunga huku neno la mwisho likiwa bado linakuja, na watoto hucheka pahala pa kulia. Tulipohamia kebo, kwenye tundu la HDMI lenye alama ya ARC, tatizo liliisha. Udhia uliobaki ni kwamba umeme ukikatika na kurudi, chombo husahau kebo na kurejea kwenye Bluetooth, na rimoti yake ina vitufe vidogo ambavyo mamangu havisomi bila miwani.

Nilitoa shilingi 9,500, na kwa bei hiyo naiona inafaa. Kebo haikuwemo ndani ya boksi. Niliinunua kando, na ningemshauri mnunuzi aidai kabla ya kulipa.