Kitabu cha Sungura nilichonunua: tangu lini Sungura akaomba msamaha?

Mume wangu ameniambia niachane nayo, ni kitabu tu cha watoto. Sawa, ni kitabu cha watoto, lakini hela ilitoka kwenye pochi yangu, na kila nikikiona pale juu ya kabati damu inanichemka. Niacheni niseme.

Ni kile kikubwa cha jalada gumu, hadithi za Sungura mjanja, ambacho mbele Sungura kavaa kanzu na kofia ya viua, kibuyu kakibana kwapani. Jina la waliokichapa silitaji, sitaki kesi. Mwenye nacho nyumbani keshakijua. Nilikichukua kwa ajili ya ule mchoro. Yale macho! Unaona kabisa kwamba kuna mtu anakwenda kulizwa. Bei sikupunguziwa hata mia, na ni bei ambayo mama mkwe alipoisikia aliuliza kama kitabu chenyewe kinapika pia.

Basi jioni nikawakusanya, wangu wawili na mmoja wa jirani, maana kwao umeme wa LUKU ulikuwa umeisha. Paukwa! Pakawa! Nikaanza na kisa cha kisima, kwa sababu ndicho nilichokulia nacho kule Pangani, bibi akikisimulia huku anachambua mchele.

Kisa mnakijua. Ukame umeingia, mito imekauka, wanyama wanakubaliana wachimbe kisima. Wanachimba wote, Tembo, Nyati, Fisi, mpaka Kobe na vimiguu vyake vile. Sungura anasema yeye hachimbi, ana shughuli zake. Maji yakipatikana anapigwa marufuku asisogee, na mlinzi anawekwa. Usiku Sungura anakuja na asali kwenye kibuyu, anamwonjesha Fisi tone moja, anamwambia asali hii utamu wake hauji mpaka mlaji afungwe kamba. Fisi mwenyewe anatoa mikono. Sungura anakunywa, anajaza kibuyu, halafu anaoga mle mle. Huo uogaji ndio watoto wanaoupenda kuliko yote. Mwisho Kobe anajitolea: anapakwa ulimbo mgongoni, anazama kisimani, anatulia tuli ajifanye jiwe. Sungura anakanyaga jiwe, mguu unanata.

Hapo nilishapandisha sauti. "Niachie mguu, la sivyo nakupiga teke na huu mwingine!" Teke, na wa pili ukanata. "Nina mikono mie!" Kofi, mkono ukanata. "Upo na mwingine!" Ukanata na huo. Yule mtoto wa jirani alikuwa chini ya meza, hana mbavu kwa kucheka. Kilichobaki ni kichwa tu. Nikafunua ukurasa.

Ukurasa huo ndio ulionileta hapa.

Sungura analia. Kapiga magoti, kofia ya viua kaivua kaishika mkononi, machozi ya buluu yanamdondoka, na chini yameandikwa maneno haya: "Nisameheni wenzangu. Sasa nimejifunza kuwa ushirikiano ni muhimu." Alinasuka vipi kwenye ulimbo, hatuambiwi. Nadhani alipotubu ulimbo ukaona haya ukamwachia. Tembo anamkumbatia, wanyama wanakunywa pamoja, na pembeni kuna kisanduku cha njano: "Tumejifunza nini?"

Chumba kikawa kimya. Mkubwa wangu, wa darasa la pili, akauliza, "Mama, kwa hiyo wamemshinda?" Mdogo akamkatalia: hapana, anawadanganya, funua ukurasa mwingine. Nikafunua. Ukurasa mwingine ulikuwa hadithi nyingine.

Ushirikiano! Sungura! Mimi nilikuwa sina hata cha kuwaambia.

Kwa bibi, wanyama walikaa kikao wamuue vipi, na Sungura, vile vile alivyonata, akawa anawasaidia mawazo. Mkitaka nife upesi, nishikeni mkia, mnizungushe kwa nguvu, halafu mnibamize chini. Wakamshika, wakamzungusha, akachomoka, huyoo porini. Mkia wa sungura ulivyo kipande, nani alikwambia unashikika? Na wala hiyo hila si ya bibi yangu peke yake. George W. Bateman alichapisha hadithi za Zanzibar kule Chicago mwaka 1901, kwa Kiingereza, na mle Sungura anampa Simba ushauri huo huo, anazungushwa kwa mkia, anaponyoka. Ng'ambo ya bahari, kwa Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani, Sungura wao naye alinaswa, ila huko ilikuwa sanamu ya lami. Joel Chandler Harris wa Georgia alikiweka kisa hicho kitabuni miaka ya 1880. Anapiga kofi, mkono unanata, teke, mguu unanata, mambo ni yale yale. Anapokamatwa na Mbweha anamlilia: nifanye lolote, uniue ukitaka, ila usinitupe kwenye miiba. Mbweha anamtupa kwenye miiba. Na miibani ndiko Sungura alikozaliwa na kukulia!

Hebu fikirini. Watu wako utumwani, wanachapwa mchana kutwa, usiku wanasimuliana habari za mnyama mdogo anayemzidi akili mwenye meno. Hata hao hawakumpigisha magoti. Kaja kupigishwa magoti na mhariri mwenye kisanduku cha njano.

Wanadhani mtoto anampenda Sungura kwa sababu anapanga kwenda kuiba maji. Mtoto wa miaka saba kila anayemwona ni mkubwa kuliko yeye. Lala. Kula. Nyamaza. Nenda kamsalimie babu. Anakutana na Sungura, mdogo kama yeye, anawachezea wakubwa mpaka wanajifunga kamba wenyewe, anajisikia vizuri kwa dakika kumi, kisha analala. Na Sungura si kwamba hashindwi. Kobe anamweza, na kila mtoto analijua hilo bila kuandikiwa pembeni. Lakini akishindwa anabaki Sungura. Sungura anayetubu ni pilau bila bizari, mtaila lakini msiniambie ni pilau.

Nikapiga simu. Nyuma ya kitabu kuna namba, "maoni yako ni muhimu kwetu". Akapokea kijana mmoja, sauti ya usingizi. Shikamoo hakuna. Nikamweleza kwa utaratibu kabisa, mwanangu, naona mwisho wa kisa cha kisima umebadilishwa, kulikoni? Hakuniacha nimalize.

"Kwa hiyo mama unataka tuwafundishe watoto wizi?"

Mimi. Niliyelea, ninayefundisha madrasa ya watoto Jumamosi. Nikanyamaza kidogo nimpe nafasi ya kujirudi. Akaendelea: "Wazazi wote wamekipenda, mbona umelalamika wewe tu." Halafu nikasikia anamwambia mtu pembeni yake, wala hakuziba simu, "kuna mama hapa anamtetea sungura," na kicheko. Nikakata. Nilitaka kumwambia kwamba ndiyo, ninamtetea, na yeye ni Fisi, tena bado yuko na kamba, lakini nilishakata.

Kwa hiyo siku ile hukumu yangu ilikuwa nyota moja, na hiyo moja ni ya gundi, maana kurasa hazijachomoka.

Sasa, nisiwe dhalimu. Aliyechora kile kitabu apewe mkono. Tazameni ukurasa wa Fisi na asali: kamba imempita tumboni mara kadhaa kama mzigo wa kuni, macho kayafumba, ulimi umetoka unatafuta tone lililobaki puani, na nyuma yake kabisa, kadogo, masikio mawili yanazama kisimani. Mdogo wangu huwa anaweka kidole kwenye lile tone kisha anakilamba. Na hadithi ya nyumba inayosalimiwa wameiacha nzima. Sungura anarudi kwake, anaona nyayo za Simba mlangoni. Anasimama mbali anaita, "Nyumba, hujambo?" Kimya. "Ajabu, kila siku nyumba yangu huniitikia, leo kuna nini?" Na kutoka ndani Simba anajibu, "Sijambo!" Mambo yameandikwa kwa Kiswahili safi, kifupi, kinachosomeka kwa sauti bila kukukwama kooni. Nimeisoma mara nyingi na bado wanapiga kelele ile "Sijambo!" kabla yangu. Ila na hapo kisanduku kipo. Mnajua kimeandikwa nini? "Tuwasalimie majirani zetu kila siku." Wallahi. Simba yuko ndani anasubiri kumla mtu, funzo ni salamu.

Nilikuwa nimeshaamua kukigawa. Halafu majuzi nilikuwa nimewawekea wageni visheti kwenye sahani, nikavifunika, nikaenda kuoga. Natoka, sahani nyeupe. Kabla sijafungua mdomo, mkubwa wangu alishapiga magoti sebuleni, machozi ya kweli yanamtiririka: "Nisamehe mama. Sasa nimejifunza kuwa ushirikiano ni muhimu." Nilicheka mpaka nikakaa chini, kumpiga nikashindwa, kumsema nikashindwa. Na nikiwa nafuta macho, nikamwona anamkonyeza mdogo wake, ambaye mdomo ulikuwa bado na shira.

Kwa hiyo sijui. Huenda mdogo ndiye aliyekisoma kitabu vizuri kutuzidi sote, na yule Sungura wa machozi ya buluu alikuwa anawatapeli wote, Tembo na mhariri wakiwemo. Nikikitazama hivyo kinafaa nyota nne. Kisha nakikumbuka kile kisanduku cha njano zinashuka mbili.

Kinunueni, kwa ajili ya Fisi na kwa ajili ya nyumba. Mkifika kwenye ulimbo kifungeni, mumalizie kwa mdomo, kila mtu kwa mwisho wa kwao. Huyo kijana wa simu yeye hapati nyota hata moja.