TAHADHARI: Muuza "dinari ya Brutus" anayewawinda Waswahili wa Ulaya

Jamani, nimepigwa euro 320, na aliyenipiga bado yumo mtandaoni.

Anaandika Kiswahili safi, anajiita mkusanyaji wa sarafu za kale, na kusimulia anajua. Aliniuzia dinari ya fedha (sarafu ya Kirumi) ya mwaka 42 KK, ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Kaisari, mtawala wa Roma: upande mmoja kichwa cha Brutus, upande wa pili majambia mawili, kofia katikati, na chini EID MAR, yaani katikati ya Machi, siku aliyouawa Kaisari mwaka 44 KK. Kofia ile mtumwa wa Kirumi aliivaa akiachwa huru, na Brutus aliiweka hapo kujigamba kwamba ameikomboa Roma. Yote hayo ni kweli, na ndiyo yaliyoninasa. Habari ilikuwa halisi, nikaona na sarafu ni halisi.

Bei tu ingenishtua. Dinari hizo za fedha zinazojulikana duniani ni kama mia moja, na hununuliwa kwa hela ya kujengea nyumba. Tamaa, basi.

Sonara alipoipima, mzani ulisoma gramu 2.9, za wakati ule hukaribia 4. Tena zile zilipigwa kwa nyundo, moja moja, kati ya mihuri miwili. Hii yangu imesubiwa, yaani imemiminwa ikiwa majimaji kwenye kalibu: ukingoni umezunguka mshono, na shingoni mwa Brutus kuna vitobo vya hewa. Kisha rafiki akanitumia picha ya aliyouziwa yeye. Mkwaruzo uleule, chini ya jambia lilelile! Kalibu moja.

Cheti alinipa, kina mpaka muhuri. Cheti si kitu: ile sarafu ya dhahabu ya Brutus iliyouzwa London mwaka 2020 ilikuwa halisi, lakini karatasi za asili yake zilikuwa za kughushi, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki.

Nilipombana alidai udongo umekula uzito, kisha akanifungia.

Sasa anatangaza dinari ya Kaisari ya 49 KK, yenye tembo anayekanyaga nyoka na, upande wa pili, vyombo vya makuhani. Najua tembo atawavuta wengi wetu. Kabla ya kutuma hata senti, mdaini picha ya ukingo na ya sarafu ikiwa juu ya mzani. Mazungumzo yetu yote ninayo. Anayeyataka aniandikie pembeni.