Air Congo na zile 737 za mtumba: nawapa nyota nne, ya tano wataipata wakileta ndege nyingine

Wadau mnaohangaika Lubumbashi kama mimi mnajua, ukitakiwa Kinshasa hamna ujanja. Barabara ya kukufikisha kule ni ya kwenye ramani tu, njia ya wazee ni treni ya SNCC, lile shirika la reli la Congo, mpaka Ilebo alafu unashuka mtoni kutafuta boti, na hapo uwe huna haraka na dunia. Kwa hiyo ni ndege, kilomita kama 1,570, masaa mawili na kidogo, na kwa miaka mingi hiyo ndege yenyewe ilikuwa ni kubahatisha.

Air Congo walipoanza Desemba 2024, serikali ya Congo ina asilimia 51 na Ethiopian Airlines 49, wakaja na Boeing 737-800 mbili, na swali la kwanza mtaani halikuwa nauli wala mizigo. Pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, mama mmoja mfanyabiashara alimuuliza kijana wa kaunta, "Papa, hii ndeke ni ya mupya ao ni ya okazioni?" Kijana akacheka akaendelea kugonga tiketi. Basi mama nikujibu mimi, ni ya okazioni, yaani mtumba, zilikuwa zikiruka na Ethiopian kabla hazijapakwa rangi za Congo. Na bado ningekushauri upande.

Mi kazi yangu ni kutoa mizigo, magari ya Japani yanayopita Dar mpaka mpakani Kasumbalesa nimeyaona ya kila aina, na gari ya miaka kumi iliyotunzwa inaipiga bao ya miaka minne iliyoendeshwa na mhuni. Ndege nayo hivyo hivyo, tena zaidi, sababu umri wake mafundi hawauhesabu kwa miaka peke yake, wanahesabu imeruka na kutua mara ngapi. Kila ikipanda hewa inajazwa ndani bodi inatanuka, ikishuka inasinyaa, na chuma kinachoka hapo. Ile 737-200 ya Aloha Airlines kule Hawaii, Aprili 1988, paa lilichanika ikiwa juu na mhudumu mmoja akavutwa nje akafa. Ilikuwa na miaka 19 lakini ilisharuka karibu mara 90,000, safari fupi fupi za visiwani na hewa ya chumvi juu yake. Baada ya pale ukaguzi wa ndege kongwe ulibadilika dunia nzima. Hii 737-800 ni kizazi cha baadaye kabisa, ilianza kukabidhiwa kwa wateja 1998, na mashirika makubwa ya Ulaya yanaiuza kila mwaka kwa wengine na inaendelea kuruka vizuri tu.

Kwa hiyo swali la maana ni nani anaishika spana. Hapa ndio nawapa Air Congo maksi, maana mwenye ile 49 ana karakana yake Addis, ndege hizi anazijua tangu alipozitumia mwenyewe, na huu mchezo ameshaucheza kwingine: ASKY kule Lomé, Malawi Airlines, Zambia Airways, kote huko yumo kwenye hisa.

Sasa linganisha na Congo Airways 2015. Nao walianza na mtumba, Airbus A320 zilizotoka Alitalia, na hata kabla ya kuanza kazi moja ikakamatwa Dublin, wadai wa Kimarekani wakaenda mahakamani wakisema wanaidai serikali ya Congo mamilioni ya dola. Ikaja kuachiwa, wakaanza kuruka Oktoba mwaka huohuo, watu wakafurahi kweli, alafu miaka ikaenda na ndege zikawa zinakaa chini zikisubiri matengenezo. Airbus haikuwa na kosa lolote hapo. Ndege iliyotumika unainunua kwa bei nafuu alafu inaanza kukudai vipuri, injini, ukaguzi mzito ule wa kuifumua mpaka sakafu, na kama hukuzitenga hizo hela tangu siku ya kwanza imekula kwako.

Ndani ya ndege mi sina la kulalamika, kiti kilikuwa kisafi, mkanda unafunga, matangazo yanaeleweka, hewa ya baridi ipo tangu tuko chini na hilo kwa Lubumbashi ya mwezi wa kumi sio jambo dogo. Kuna jamaa aliyekaa jirani yangu alirudi kutoka chooni amenuna eti ameona kisahani cha majivu ya sigara mlangoni, kwa hiyo ndege ni ya enzi za Mobutu. Kaka hapana, hicho kisahani sheria inakitaka hata kwenye ndege iliyotoka kiwandani jana, ili mtu akikiuka akawasha basi apate pa kuizimia badala ya kutupa kwenye pipa la karatasi. Ukitaka kuujua umri angalia vioo vilivyochubuka na meza zilizolegea, na hata hapo unaona umri wa viti tu, injini huzioni.

Kilichonizuia kutoa nyota tano ni hesabu. Walianza na ndege mbili, nchi kubwa kama hii, na ndege lazima iingie karakana, hilo ni jambo zuri, lakini ikiingia umebaki na moja na ratiba ya nchi nzima iko juu ya mabawa mawili. Ndege iliyotumika inahitaji mwenzake wa akiba kuliko mpya. Kuna shirika moja la huku sitalitaja, mimi liliniacha uwanjani mpaka usiku sababu ndege yao ilikuwa "kwa fundi" na nyingine hawana, mzigo wa mteja ukachelewa na faini ya ghala nikalipa mimi. Shirika lolote la ndege mbili sipangi kikao siku ileile ninayofika, ni hivyo tu.

Alafu wenye kampuni za Ulaya, msishangae ofisi ikiwakatalia kuwalipia tiketi. Tangu 2006 mashirika yaliyosajiliwa Congo yako kwenye orodha ya marufuku ya Umoja wa Ulaya, na marufuku ile inahusu usimamizi wa anga wa nchi, haiangalii ndege moja moja imetunzwaje. Mi naona inawaonea walioanza juzi ila bima haisikilizi hayo.

Kama unaenda, chukua ya asubuhi, maana ucheleweshaji wa siku hujilimbikiza jioni. Kinshasa iko saa moja nyuma ya Lubumbashi, ukiondoka saa mbili unafika saa tatu na kitu kwa saa za kule na siku yako bado nzima, kurudi ndio saa inaliwa. Hela ya go-pass, ile ada ya uwanja wa ndege, iweke pembeni mapema. Na kama una miguu mirefu omba safu za milango ya dharura juu ya bawa, kwenye 737-800 ni milango miwili kila upande, nafasi ipo ya kutosha ila begi la mkononi itabidi ulipandishe juu wakati wa kuruka na kutua.