Dragon Age: Origins au Inquisition?

Katika mfululizo wa michezo ya video wa Dragon Age, Inquisition ya 2014 ilitwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka kwenye The Game Awards. Origins ya 2009 haina ramani pana vile wala sura ya kupendeza kiasi hicho. Hata hivyo, ukiniuliza uanze na ipi, nitakwambia Origins bila kusita.

Sababu ni uzito wa maamuzi. Origins inakupa mianzo sita. Unaweza kuzaliwa mwana wa mfalme wa Orzammar, mji wa chini ya ardhi, au mtu asiye na tabaka katika mji huohuo, ambaye wenzake hawamhesabu kuwa mtu. Ukirudi huko baadaye, asili yako inakumbukwa. Kisha kwenye baraza la wakuu unaamua nani akikalie kiti cha enzi cha ufalme wa Ferelden, na uamuzi huo unaubeba hadi mwisho.

Inquisition inakushusha Hinterlands, eneo pana la mwanzo, na kukumwagia vijikazi: okota mitishamba, kusanya vipande vya mawe, ziba nyufa za kichawi. Wengi walikwama humo kwa saa nyingi (ondoka mapema, hadithi iko kwingine!). Hata vita vimepungua kina. Origins ilikuachia umpangie kila mwenzako amri za masharti, yaani afanye nini hali fulani ikitokea. Katika Inquisition zimebaki chache mno.

Kwa wahusika, lakini, Inquisition haishikiki. Solas, mwenzako mchawi, peke yake anatosha kukurudisha, na nyongeza ya Trespasser ya 2015 inaifunga hadithi ya mchezo huu kwa uchungu kweli.