Programu za simu za kuchagua jina la mtoto: hodari kwa maelewano, dhaifu kwa maana

Karibu zote hufanya kazi kwa namna moja. Baba na mama kila mmoja anaiweka programu kwenye simu yake, wanaunganisha akaunti, kisha kila mtu anapitia majina kivyake: ukilipenda unatelezesha kidole kulia, ukilikataa kushoto. Jina mlilolipenda nyote wawili linaingia kwenye orodha ya pamoja. Kwa kazi hii zinastahili sifa, kwa sababu hakuna anayemshinikiza mwenzake.

Tatizo la kawaida ni orodha ya pamoja kubaki tupu, wenye mtoto wakadhani hawapatani. Mara nyingi mmoja amepitia majina 300 na mwenzake 60, hivyo hawajakutana popote. Wekeni kichujio kimoja, jinsia ileile na asili ileile, na mpitie majina 30 tu kwa siku. Kidole kikichoka kinakataa kila kitu. Majina ya mababu na mabibi yaongezeni wenyewe mwanzoni kabisa.

Kwenye maana ndipo mambo yanapoharibika. Chukua Vanessa. Orodha nyingi zinasema ni "kipepeo". Jina hilo lilibuniwa na mwandishi Jonathan Swift kutokana na jina la Esther Vanhomrigh. Jamii ya vipepeo ilipewa jina hilo baadaye, mwaka 1807. Kwa hiyo kipepeo ndiye aliyerithi. Au Amal: kwa Kiarabu, likianza kwa alifu (أمل) ni matumaini, likianza kwa ayni (عمل) ni kazi, tendo. Programu inayoonyesha herufi za Kilatini peke yake haiwezi kukutofautishia. Claudia nalo linatokana na neno la Kilatini la kilema, jambo ambalo wauzaji wa maana tamu hawalitaji kwa hiari.

Kipimo chetu kabla ya kulipia chochote: tafuta Subira, Zuhura na Mwanajuma, majina ambayo msomaji wa Kiswahili anayajua bila kuambiwa. Ikiwa asili imeandikwa "Kiafrika" basi, bila kutaja lugha, acha. Waliokosea hapo wamekosea na kwingine usikoweza kuwashika.

Alama ya "jina adimu" isikuhadae. Nyingi hutegemea takwimu za Marekani, ambako idara ya hifadhi ya jamii huchapisha majina waliyopewa watoto wasiopungua 5 kwa mwaka, na kila tahajia huhesabiwa peke yake. Sophia na Sofia ni majina mawili kwenye hesabu hiyo, ingawa darasani yanaitikiwa na watoto walewale.

Kwa maana, tumia tovuti ya Behind the Name, iliyopo tangu 1996, bila malipo. Inaonyesha mzizi wa jina na maandishi yake ya asili, na pale maana isipojulikana inasema hivyo. Angalia tu usichanganye sehemu kuu na ile ya majina yaliyoletwa na watumiaji.

Toleo la bure la programu linatosha. Likikuuliza tarehe ya kujifungua, ruka au weka nyingine: tarehe hiyo haisaidii kuchagua jina, inasaidia matangazo kukufuata hadi mtoto atambae.